Paa la vigae la miaka 40: likarabatiwe au liezuliwe lote?

Kivulini aliuliza:

Ndugu zangu, naomba ushauri wa wenye uzoefu wa mapaa. Nyumba yetu imeezekwa kwa vigae vya saruji ambavyo kwa hesabu yangu vimetimiza miaka 40 hivi. Rangi imepauka kabisa, upande usiopata jua umeota kuvu ya kijani, na tangu mvua zilizopita maji yanaingia sehemu mbili: moja iko chini ya bonde, pale miteremko miwili ya paa inapokutana, na nyingine iko katikati ya dari ya chumba, mbali na kona yoyote, jambo ambalo silielewi.

Nimewaita mafundi wawili. Wa kwanza hakupanda hata ngazi. Alitazama akiwa uani, akasema vigae vimekwisha na paa liezuliwe lote. Wa pili alisema vigae ni vizima, kwamba ataviosha kwa mashine ya presha, atapulizia rangi ya kuzuia maji, na kazi itakwisha kwa siku 3. Nitajuaje mwenyewe, kabla ya kutoa fedha, ni yupi kati yao anayelisema paa langu na ni yupi anayesema kile anachokiuza?

Kombamoyo alijibu:

Ndugu Kivulini, kwa maelezo yako hakuna kati yao aliyelikagua paa. Katika paa la namna hiyo, kigae huwa ndicho kitu cha mwisho kuchakaa. Kigae cha saruji kilichotengenezwa vizuri hudumu miaka 50 na zaidi, na cha udongo uliochomwa ipasavyo chaweza kupita miaka 100, lakini karatasi ya lami iliyotandazwa chini yake, misumari, mabati ya mabonde na saruji iliyoshikiza kofia za mgongo (vigae vinavyofunika kilele cha paa) havifiki huko. Kwa hiyo kupauka kwa rangi hakukuambii lolote la maana, kwa sababu rangi ile ni utando mwembamba wa juu tu, na kigae kilichoupoteza bado humwaga maji kama kawaida.

Anza na vigae vyenyewe. Chagua kumi au zaidi kutoka pande zote za paa, hasa upande wenye kuvu, uvigonge kimoja kimoja kwa mpini wa nyundo. Kigae kizima hutoa mlio mkali, na chenye ufa usioonekana hutoa sauti butu kama ya chungu kilichopasuka. Kisha kigeuze ukwaruze upande wa chini. Kikitoa unga au magamba, kimeanza kuoza kwa ndani na hakuna rangi itakayokirudisha. Baada ya hapo inua vigae vichache karibu na gata, ule mfereji wa kukingia maji ukingoni mwa paa, ambako karatasi huharibika kwanza, uone kama bado inakunjika au inavunjika kama jani kavu, na uzichome papi, zile mbao nyembamba zinazobeba vigae, kwa ncha ya bisibisi kutafuta mbao laini.

Kuhusu lile tone la katikati ya chumba, usitafute tundu juu yake moja kwa moja. Maji yakipita chini ya kigae huteremka juu ya karatasi mpaka yapate mahali ilipochanika, au hufuata mbao ya kenchi, yaani fremu inayobeba paa, kisha hudondokea mbali. Ingia darini mvua ikinyesha ukiwa na tochi, uifuate michirizi kwenda juu.

Yapo mambo mawili ya usalama. Usipande kuvu ikiwa imelowa, na unapokanyaga, kanyaga sehemu ya chini ya kigae, pale kinapolalia kigae kingine juu ya papi, kwa sababu katikati hakuna kinachokibeba. Pia, paa la zamani likiwa la vigae vyembamba bapa vinavyodhaniwa kuwa na asbesto, lisioshwe wala kusuguliwa kabla ya kupimwa na wataalamu.

Bundi wa Dari alijibu:

Mimi nililipia rangi ya namna hiyo miaka 6 iliyopita, na nimekuja kuieleza hasara yangu ili mwingine asiirudie. Paa la vigae halizuii maji kwa kuzibwa; linayazuia kwa mteremko na kwa kila kigae kumlalia mwenzake, huku hewa ikipita katikati na kukausha unyevu wowote unaoingia. Rangi yangu ilijaza mapengo hayo. Mwaka wa tatu ikaanza kubanduka kama ganda la nyoka, na unyevu ulionaswa chini yake ulikuwa umekwisha kuzilainisha papi za upande mmoja. Tena tulipotaka kubadilisha kigae kimoja tu kilichopasuka, tulikuta vimegandana, tukavunja vinne ili kukitoa kimoja.

Mashine ya presha nayo ilikuwa na makosa yake. Fundi aliielekeza juu kutoka chini, maji yakapenya kwenye maungio na kulowesha dari siku ile ile, siku ya jua kali. Tena ule uso mgumu wa kigae ulikwanguka, na kuvu ikarudi upesi zaidi kuliko mwanzo. Sisemi rangi haina kazi kabisa. Mtu akishalitengeneza paa na akataka lipendeze, apake, mradi ajue kuwa ananunua sura.

Mama Boriti alijibu:

Naona wote mnaelekea kwenye ukarabati, nami nitakuwa mgumu kidogo. Ukikuta karatasi imekwisha kila mahali na papi nyingi zimeoza, kuziba hapa na pale ni kujinunulia safari za ngazi za kila msimu. Hata hivyo iko njia ya tatu ambayo mafundi wako hawakuitaja: vigae vinateremshwa, vinachaguliwa na kupangwa, karatasi na papi vinawekwa vipya, kisha vigae vile vile vinarudishwa. Ugumu ni kwamba vichache havikosi kuvunjika, na vigae vya watengenezaji tofauti havishikani hata vikifanana kwa macho, kwa hiyo beba kimoja mkononi unapotafuta vya akiba ukavipime papo hapo. Vile visivyolingana rangi viwekwe mteremko wa nyuma, na vya nyuma vihamishiwe mbele.

Tazama pia mgongo wa paa ukiwa mbali. Ukiona umebonyea, tatizo liko kwenye kenchi, maana vigae vya saruji vina uzito wa kilo 40 hadi 50 kwa kila mita moja ya mraba, na hapo aitwe mhandisi kabla ya fundi.

Kivulini alirejea:

Nawashukuru sana. Nimekagua nikiwa na kijana anayenishikia ngazi. Katika vigae 12 nilivyogonga, 11 vimelia vizuri. Mgongo umenyooka na papi ni ngumu. Karatasi imeoza kwenye ukingo wa gata tu; juu yake bado inakunjika. Bati la bonde limetobolewa na kutu. Lile tone la katikati limetoka kwenye kigae chenye ufa, kama mita 2 juu ya alama ya darini, ambacho msumari wake ulikatika kwa kutu kikateleza. Zaidi ya hayo, kofia tano za mgongo zinacheza. Je, saruji ya kofia ipakwe juu ya ile ya zamani? Na kuvu niifanyeje?

Kombamoyo alijibu:

Basi paa lako halihitaji kuezuliwa. Saruji mpya isipakwe juu ya ile ya zamani, kwa sababu itashika ganda lililokwisha kuachia na kutoka nalo. Kofia zitolewe, saruji yote kuukuu ibanduliwe, vigae viloweshwe kidogo ili visinyonye maji ya mchanganyiko, kisha zilazwe upya kwa sehemu 1 ya saruji na 3 za mchanga. Mchanganyiko mkali kuliko huo hupasuka upesi. Ukipata mfumo wa kofia zinazofungwa kwa skrubu na vibanio bila saruji, ni bora zaidi, kwani hustahimili mtikisiko wa paa.

Bati la bonde libadilishwe lote, na mfereji wake uachwe wazi kabisa; wapo wanaoujaza saruji ili upendeze, wakayageuzia maji ndani ya nyumba. Kipande kipya cha karatasi kwenye ukingo ni lazima kiingie chini ya kile cha zamani, kisikae juu yake, na mwisho wake ufike ndani ya gata. Misumari iwe ya shaba au ya chuma kisichoshika kutu. Kuvu ikwanguliwe ikiwa kavu kwa kikwaruzio cha mbao, kutoka juu kwenda chini, huku mdomo wa bomba la gata umezibwa ili isiingie humo. Ukanda wa shaba chini ya kofia husaidia isirudi haraka.

Mama Boriti alijibu:

Mwombe fundi apige picha za bonde na za karatasi kabla hajavifunika, na umalizio wa malipo usubiri mvua ya kwanza.

Kivulini alirejea:

Nimempata fundi wa tatu, ambaye alipanda ngazi kabla ya kutaja bei. Tunaanza na bonde wiki ijayo. Yule wa pili amenipigia simu leo asubuhi kuuliza kama nimeshachagua rangi.