Kuweka dau la chumba cha hoteli mtandaoni: nianzie wapi?

Kiroboto Safarini
Wakuu, salaam. Nina safari ya siku nne kwenye jiji kubwa na bei za hoteli za katikati ya mji zinanitoa jasho. Jamaa yangu anasema zamani alikuwa anaandika bei yake mwenyewe mtandaoni, hoteli ikikubali analala pazuri kwa karibu nusu ya bei. Nimetafuta pa kuandika hiyo bei mpaka macho yanauma, sipaoni. Mwenye ujuzi anielekeze. Nasafiri na mama, na magoti yake hayataki ngazi.

Mzee wa Dau
Mdogo wangu, umechelewa. Jamaa yako anazungumzia Priceline, tovuti ya Marekani ya kuuza vyumba na tiketi za ndege, walioanza mwaka 1998. Ulikuwa unachagua eneo la mji na idadi ya nyota, unataja bei, unaweka namba ya kadi. Hoteli ikikubali, kadi inakatwa papo hapo, ndipo unaonyeshwa jina. Kurudishiwa pesa hakuna. Ikikataa, huwezi kupandisha dau mpaka saa 24 zipite, labda ubadilishe kitu, mathalani uongeze eneo jingine.

Hapo ndipo wajanja tulipokula. Ukitaka nyota nne, unaongeza eneo ambalo unajua halina hoteli hata moja ya nyota nne. Unaruhusiwa kupandisha dau bila kungoja, na wewe hutupwi pembezoni mwa mji. Nilikuwa na daftari zima la maeneo hayo. Mke wangu alidhani nacheza kamari, na hakukosea sana.

Kwa tiketi za ndege waliuondoa mtindo huo mwaka 2016, baadaye na vyumba vikafuata. Kilichobaki, kwao na kwa Hotwire, tovuti nyingine ya aina hiyo, ni chumba chenye jina lililofichwa: bei wanataja wao, wewe unaona eneo, nyota na alama walizotoa wageni. Chumba kikilala kitupu leo, usiku huo hauuziki tena kesho, kwa hiyo hoteli inakitoa kwa bei ya chini. Ila haitaki anayelipa bei kamili aone imejishusha, ndiyo maana inajificha.

Fungua kurasa mbili, ya waliofichwa na ya wazi. Weka eneo lilelile na nyota zilezile, kisha linganisha alama na vilivyomo: bwawa, maegesho, chumba cha mazoezi. Mara nyingi zinabaki hoteli mbili tatu tu zinazoweza kuwa ile iliyofichwa. Punguzo lisipofika robo ya bei ya wazi, mimi sibonyezi. Mitaa ya maofisi hushuka bei Ijumaa na Jumamosi, wenye suti wakirudi kwao. Kukiwa na kongamano kubwa mjini, usijisumbue.

Bi Mikoba
Shikamoo Mzee. Umesahau ada. Kuna hoteli zinakudai ada ya kila siku pale mapokezi, na umeshalipa, utakwenda wapi? Kwa Marekani, tangu Mei 2025 kanuni inataka ada za lazima ziwe ndani ya bei unayoonyeshwa, lakini kodi bado inaweza kuchomoza mwishoni. Linganisha jumla ya mwisho na jumla ya mwisho.

Kiroboto Safarini
Asanteni sana. Na vitanda je? Tuko wawili.

Mzee wa Dau
Marahaba, Bi Mikoba. Kiroboto, hilo ungelisema kwanza. Chumba cha kufichwa kinakuhakikishia nafasi ya watu wawili, aina ya kitanda ni bahati yako. Mimi nilisafiri na shemeji, nikajisifu njia nzima jinsi nilivyopata nyota nne kwa bei ya mbili. Tukafungua mlango: kitanda kimoja. Hoteli imejaa. Shemeji alilala kwenye kiti siku tatu, amejifunika koti.

Kwa magoti ya mama, acha michezo hii. Chukua chumba cha wazi unachoweza kukifuta, hata kikizidi kidogo, halafu piga simu hotelini kwenyewe. Omba vitanda viwili, na uulize kama lifti inaanzia mapokezi au kuna ngazi kabla ya kuifikia. Picha hazionyeshi hizo ngazi.

Kiroboto Safarini
Nimekuelewa, Mzee wangu. Shemeji bado mnaongea?

Mzee wa Dau
Kwenye misiba.