Naomba ushauri: kurekodi kumbukumbu za mzee aliyeiona Rotodyne

Ndugu zangu, ninaishi Uingereza, na jirani yangu, mzee aliyepita miaka 80, aliishuhudia akiwa kijana ndege ya Uingereza iitwayo Fairey Rotodyne ikiruka kwenye uwanja wa ndege wa White Waltham, nami nimeanza kumrekodi kwa idhini yake. Ndege hiyo, iliyoruka mara ya kwanza tarehe 6 Novemba 1957, ilipaa wima kama helikopta kwa mapanga makubwa ya juu yaliyozungushwa na vijeti vilivyofungwa kwenye ncha zake, kisha ikasonga mbele kwa rafadha mbili za mabawani. Iliundwa moja tu. Mradi ulipofutwa mwaka 1962 ikavunjwa, na mabaki machache yamehifadhiwa katika makumbusho ya helikopta huko Weston-super-Mare.

Mzee anakumbuka zaidi kelele zake, na kweli kelele za vijeti vile zililalamikiwa sana, ila baadhi ya tarehe anazotaja hazilingani na zilizoandikwa. Je, nimsahihishe papo hapo, au niyaache maneno yake yalivyo na kuweka maelezo pembeni? Naogopa kumkatiza, kwa kuwa akivunjika moyo huenda asisimulie tena. Aliyewahi kurekodi wazee anielekeze pia namna ya kuuliza bila kumlisha maneno.