Mjadala: Uvuvi wa sambaza usimamishwe miezi miwili Ziwa Kivu?

Mleta mada, Bukavu
Ndugu zangu, Rwanda husimamisha uvuvi upande wake miezi miwili hivi kila mwaka. Na sisi wa Congo tufanye hivyo? Mimi nasema ndiyo, kwa masharti.

Sambaza, samaki mdogo wa jamii ya dagaa, aliletwa Kivu kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, maana katikati ya ziwa letu hapakuwa na samaki wa kula vijidudu vinavyoelea. Huzaa karibu na ufuko, na watoto wake hukulia hukohuko kabla ya kuelekea kwenye maji makuu. Basi anayeburuta chandarua ukingoni anamaliza samaki ambao hawajazaa hata mara moja. Tena ziwa hili halina chakula kingi: rutuba yake imezama chini, kwenye maji yenye gesi ambayo hayachanganyiki na ya juu.

Mvuvi wa trimarani
Sisi wa pirogi tatu zilizofungwa pamoja hatuvui ukingoni. Mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti samaki, tunabaki nyumbani. Hayo ni mapumziko ya kila mwezi tayari! Miezi miwili watoto watakula nini, na minervali ya shule atalipa nani? Wenye vyandarua wanajulikana. Washikwe wao kwanza.

Muuza sambaza, Kadutu
Papa, nakuheshimu, lakini sambaza ninaonunua kwenu nao wamekuwa wadogo. Mimi sikatai kufunga. Nakataa kuambiwa juma moja kabla. Nina zamu ya likelemba, ule mchango wetu wa kupokezana, nina wateja wa mkopo. Nikijua tarehe mapema, nitakausha na kuweka akiba. Na jambo linaloniuma: ziwa likifungwa, usiku tusione taa za wenye wakubwa nyuma yao. Zikiwaka hata mbili tu, hakuna mvuvi atakayebaki nyumbani.

Mleta mada
Mama, hapo ndipo penyewe. Samaki hajui mpaka, kwa hiyo Congo na Rwanda zifunge siku moja na kufungua siku moja. Tarehe itangazwe mapema, kwa Kiswahili, kwenye ufuko na sokoni.

Papa, mapumziko ya mwezi mpevu hayamwokoi mtoto wa sambaza, kwa sababu chandarua hakingoji giza. Nakubaliana nawe kwamba chandarua kipigwe marufuku kwa vitendo, mwaka mzima, kabla ya kumgusa mwenye trimarani. Lakini kufunga kunapaswa kupimwa. ISP Bukavu, chuo chetu cha ualimu, ina watafiti wanaolijua ziwa hili, na kuna njia ya kukadiria samaki kwa mawimbi ya sauti yanayotumwa majini kutoka kwenye boti. Matokeo yakibaki maofisini, mvuvi ana haki ya kutoyaamini. Ungekubali wapime samaki wa ekipe yako, kabla ya kufunga na baada ya kufungua?

Mvuvi wa trimarani
Waje. Ila waje usiku, tukiwa majini, na wapime pia wale wanaovuliwa ukingoni. Tarakimu watusomee sisi kwanza, ndipo tuzungumzie tarehe.