Baada ya talaka, mahakama humpa nani watoto?

Mama Wawili, Kisauni
Assalaam alaykum. Edaa yangu imekwisha, na sasa baba watoto ananiambia atawachukua wote wawili, wa miaka minne na wa miaka tisa, kwa kuwa yeye ana mshahara nami nauza mahamri na viazi karai. Je, mahakama hutazama kipato? Na niende kwa kadhi au Mahakama ya Watoto, Tononoka?

Mzee wa Majengo
Waalaykum salaam, binti yangu. Kipato hutazamwa, lakini peke yake hakimpi mtu ulezi, kwani mwenye mshahara anaweza kuamriwa atoe matunzo huku watoto wakikaa kwako. Kifungu cha 53 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinatanguliza maslahi ya mtoto katika kila jambo linalomhusu, na chini ya Sheria ya Watoto ya 2022 hakimu hupima mwenendo na matakwa ya wazazi, matakwa ya mtoto mwenyewe, madhara aliyopata au anayoweza kuyapata, pamoja na dini na mila zenu. Huyo wa miaka minne kwa kawaida huachiwa mama, ila kuwe na sababu nzito. Wa tisa anaweza kusikilizwa, ingawa kauli yake haimfungi hakimu.

Ustadhi wa Likoni
Kifungu cha 170 cha Katiba kinampa kadhi mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na urithi, iwapo nyote ni Waislamu na mmekubali kuhukumiwa naye. Kuhusu ulezi kumekuwa na ubishi hadi Mahakama Kuu, kwa hivyo ningekushauri uende Tononoka. Katika fiqhi (sheria ya Kiislamu) ya madhehebu ya Shafii, hadhana, yaani ulezi wa mtoto, ni haki ya mama mpaka mtoto apambanue mambo, takriban miaka saba, kisha huhiyarishwa, yaani huachiwa achague mzazi wa kukaa naye. Hoja hiyo unaweza kuitaja huko pia.

Dada wa Bamburi
Dada yangu, mahakama inaweza kumwagiza afisa wa watoto afike kwako aandike ripoti: wanalala wapi, nani huwaamsha, nani huwapeleka shule, nani hubaki nao unapokuwa kwenye biashara. Weka tayari kadi za kliniki, ripoti za shule na risiti za sare. Nakusihi pia usimzuie baba yao kuwaona, maana kifungu hicho cha 53 kinawapa wazazi wote wawili jukumu sawa, na anayemficha mtoto hujiharibia mbele ya hakimu. Ukihofia atawachukua kabla ya kesi kusikizwa, omba amri ya muda siku ile ile unapowasilisha ombi lako.