Tupeane uzoefu: baraza la vijana katika chama chenu cha makadeti lilisikilizwa, au lilikuwa pambo?

Mlezi wa Jioni
Ndugu zangu, Jumamosi iliyopita nilikaa nyuma ya ukumbi wa chama chetu cha makadeti wa kujitolea, ambako sasa mimi ni mlezi, nikamsikia binti wa miaka 14 akisoma hoja kwa niaba ya wenzake: makadeti waruhusiwe kunywa maji katikati ya mazoezi ya gwaride. Nilishtuka, kwa sababu hoja hiyo hiyo niliisoma mimi nilipokuwa mwakilishi wa wenzangu katika baraza la vijana, ukumbi ukapiga makofi vilevile, na kiongozi akasema vilevile kwamba "tumeipokea". Hakuna aliyewahi kuikataa, na ndiyo maana haijawahi kuisha. Naomba sisi tuliopitia skauti, Msalaba Mwekundu, St John na vyama vingine vya sare tuelezane: ni lini baraza la vijana lilibadilisha jambo, na nini kililiwezesha? Tusitaje matawi wala majina ya viongozi, maana wengi wao wanatumikia bila malipo na lengo letu si kumwaibisha mtu.

Karani wa Zamani
Umenigusa. "Tumeipokea" ni neno nililoliandika katika kumbukumbu za vikao vyote vya mwaka wangu wa ukatibu, na sikuwahi kupewa neno la kuandika baada yake.

Mzee wa Filimbi
Vijana wangu, jambo hili si geni wala halikuletwa na wafadhili. Baden-Powell, mwasisi wa skauti, alipowapeleka wavulana wapatao 20 kambini katika kisiwa cha Brownsea, Uingereza, mwaka 1907, aliwagawa katika vikosi vinne, na kila kikosi kikawa na kiongozi kijana aliyeachiwa madaraka ya kweli. Katika kundi letu la skauti viongozi hao wa vikosi walikuwa na baraza lao, nasi tulikuwa tukiamua humo mahali pa kwenda na nani anastahili beji. Mwasisi huyo amezikwa Nyeri, Kenya, tangu mwaka 1941, karibu nasi kabisa, lakini utaratibu wake tumeubakiza kwenye skafu. Hata hivyo nawaonya: chama cha sare kinaishi kwa amri, na kadeti akidhani baraza ni bunge, gwaride litavurugika. Kwa maoni yangu mwakilishi ateuliwe na kamanda, asipigiwe kura, kwa sababu kura za watoto humpata yule anayechekesha.

Binti wa Lushoto
Shikamoo mzee. Naomba nitofautiane nawe kwa heshima. Mimi niliteuliwa na kamanda, na katika kikao cha kwanza nilijikuta nikimtazama usoni kabla ya kila sentensi. Wenzangu waliliona hilo, wakaacha kuniambia mambo yao. Halafu kusikilizwa si hisani: kifungu cha 11 cha Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 kinampa mtoto haki ya kutoa maoni, kusikilizwa na kushiriki katika maamuzi yanayogusa ustawi wake.

Mzee wa Filimbi
Marahaba binti yangu. Sikusema asisikilizwe. Nimesema kila kitu kina mahali pake, na sheria haikumfanya mtoto kuwa kamanda.

Binti wa Lushoto
Hakuna aliyeomba ukamanda, mzee. Tuliomba jibu.

Mwakilishi wa Masika
Nimeisoma mada hii mara mbili kabla ya kuthubutu kuandika. Nilikuwa na miaka 16, mwakilishi wa kikosi chetu katika baraza la ushauri, na kambi ya mwaka ilipangwa mwezi wa Aprili, katikati ya masika. Siku tuliyofika, mama mmoja aliyekuwa akichota maji alituuliza kwa nini tunapiga mahema kwenye njia ya maji, akatuonyesha nyasi kavu na matambara yaliyonasa kwenye matawi ya mkwaju, juu ya vichwa vyetu, tangu mafuriko ya nyuma. Nilifanya kama nilivyofundishwa: niliwakusanya wawakilishi wenzangu watano, tukaandika hoja kwenye karatasi ya daftari, nikaipeleka kwa mkuu wa kambi kwa saluti. Aliisoma mpaka mwisho, hilo ninalikiri, kisha akanirudishia akisema kwamba baraza lina kikao chake siku ya nne ya kambi, na kwamba kazi yetu ni kushauri, si kupanga kambi.

Usiku wa pili mvua haikunyesha kwetu kabisa, ilinyesha milimani. Tulilala tukiziona nyota, na nyota hizo ndizo zilizotudanganya. Mnamo saa nane usiku nilisikia sauti kama ya lori linalomwaga kokoto, na kabla sijaipata tochi maji yalikuwa yamenifika magotini. Tulipiga filimbi, tukashikana mikono, tukapanda ukingo wa korongo kwa kushika mizizi. Kadeti mdogo kuliko wote, wa miaka 12, alinaswa na kamba ya hema akaburutwa mpaka kwenye shina la mti, akavunjika mkono. Tulihesabiana gizani mara tatu, na mara mbili za kwanza hesabu ilipungua mtu mmoja. Muda wote huo karatasi ile ilikuwa mfukoni mwangu, imelowa, ikisubiri siku ya nne. Hakuna aliyekufa, na kikao cha siku ya nne hakikufanyika. Linalonirudia mpaka leo ni kwamba nilipoambiwa vile nilipiga saluti, nikageuka, nikaondoka.

Nyota ya Alfajiri
Nimelia. Ulikuwa na miaka 16, ndugu yangu, na mzigo ule haukuwa wako.

Karani wa Zamani
Ilikuwa mkoa gani? Hilo korongo bado linatumika kwa kambi?

Mwakilishi wa Masika
Sitataja, kwa heshima ya aliyefungua mada. Kambi ilihamishwa mwaka uliofuata.

Fundi Mahema
Pole sana, lakini naona tunachanganya mambo mawili. Korongo halikuwa jambo la baraza. Hatari huripotiwa palepale, na mtu yeyote, hata kuruta wa jana, awe na haki ya kusimamisha shughuli. Mkianza kufundisha watoto kwamba usalama wao unapitia kwenye ajenda na mwenyekiti, mtawaua.

Binti wa Lushoto
Ndivyo hasa alivyofanya, alikwenda palepale. Aliyeirudisha hoja kwenye ajenda ni mtu mzima.

Fundi Mahema
Basi katiba ya baraza iseme waziwazi kwamba mambo ya usalama hayasubiri kikao. Hilo ndilo ninalolidai.

Mwalimu wa Gwaride
Ninafundisha sekondari na nina makadeti 40. Mwaka 1992 mtafiti Roger Hart alichora ngazi ya ushiriki wa watoto yenye vidato vinane, na vitatu vya chini, yaani hila, pambo na ushiriki wa jina tu, hakuvihesabu kuwa ushiriki. Nilipoisoma nilitambua kwamba baraza langu lilikuwa kwenye kidato cha pili: tulikuwa tukiliita wageni wakija. Nilichobadilisha ni kidogo. Kila hoja ninaijibu kwa maandishi ndani ya siku 14, kwa moja ya maneno matatu, ndiyo, hapana, au bado, na sababu ninaiandika chini yake na kuibandika ubaoni. Nilipowakatalia ombi la kubadili kofia, nikaeleza bei yake, hawakukasirika. Kikao kilichofuata walileta hoja bora zaidi. Na mtu mzima asiingie kikaoni, labda aitwe.

Mama Ughaibuni
Mimi nasema mtu mzima aingie, ila akae kimya. Mwanangu yuko Civil Air Patrol hapa Marekani, chama cha kujitolea kilichoanzishwa Desemba 1941, ambacho hupokea makadeti kuanzia miaka 12 na kuwa na mabaraza ya ushauri ya makadeti katika ngazi mbalimbali mpaka ya taifa. Wawakilishi huvaa kamba begani, na wapo wakuu na wasaidizi wao. Mwanangu alianza akiwa msaidizi, mwaka uliofuata akawa mwakilishi kamili, na hapo nikaelewa faida yake: alikuwa anakumbuka kilichoombwa mwaka wa nyuma. Mtoto anayekaa mwaka mmoja bila kurithi daftari huanza upya kila kitu, kama yule binti aliyesimuliwa na Mlezi na hoja yake ya maji. Mtu mzima aliyewasikia watoto kwa masikio yake hawezi kudai baadaye kwamba hoja haikumfikia.

Nyota ya Alfajiri
Hoja zisizidi tatu kwa kikao. Sisi tulipeleka kumi na tisa, tukapata sifuri.

Mzee wa Filimbi
Na zianze na zile ambazo makadeti wenyewe wanaweza kuzitekeleza. Asiyeweza kupanga zamu ya kufagia ukumbi asiombe kubadili kalenda ya mwaka.

Karani wa Zamani
Mzee, hapo sikubaliani. Tukisema hivyo baraza litaishia kwenye ufagio, na viongozi watafurahi.

Mlezi wa Jioni
Nimerudi. Leo mchana nilimpelekea kamanda wetu hoja ya binti yule pamoja na simulizi la Mwakilishi wa Masika, baada ya kuondoa kila kinachoweza kumtambulisha. Alinyamaza kwa muda, kisha akauliza ni ndoo ngapi zinahitajika. Nimemwomba binti aongeze kwenye hoja yake tarehe anayotaka kujibiwa kwa maandishi. Ameandika Jumamosi ijayo, saa mbili asubuhi, kabla ya gwaride.

Fundi Mahema
Makadeti wangapi? Kwa kila 20 weka ndoo moja ya lita 20 yenye bomba, kivulini, na ya pili iwe imejaa tayari.

Mlezi wa Jioni
Ni 63. Asante, ndugu.