Saikosisi ya mara ya kwanza: sauti zimetulia, mbona hatari ya kujiua haijaisha?

Zamu_ya_Usiku: Habari wadau. Kijana amepata saikosisi (kupoteza mguso na uhalisia, kama kusikia sauti zisizokuwepo) kwa mara ya kwanza, amelazwa, sauti zimetulia, sasa anaruhusiwa. Kliniki imempa tarehe ya baada ya mwezi. Kwa upande wa kujiua, huduma maalumu ya mapema kwa saikosisi ingefanya nini tofauti?

Dk_Akili: Mwezi ni mbali mno. Siku za kwanza baada ya kutoka wodini ni za hatari kubwa. Uingereza lengo ni aonwe ndani ya saa 72. Akili inaporudi ndipo anapoona masomo yaliyokatika, kazi iliyokwenda, marafiki waliomkimbia. Ndugu nao wanamwona mtulivu, wanalegea. Muulize waziwazi: unafikiria kujiua? Umepanga? Sauti zinakuamuru ufanye nini, na unaweza kuzikataa? Kumuuliza hakumpandikizii wazo kichwani.

Mfamasia77: Naongeza akathisia, yaani kutotulia kunakoletwa na dawa za saikosisi, maana inasahaulika sana. Hutokea zaidi dawa inapoanzwa au dozi inapopandishwa: hakai chini, miguu haitulii, anahisi kuteseka ndani kwa ndani. Wengi hudhani ugonjwa umerudi, wanaongeza dozi, na mateso yanazidi. Daktari apunguze dozi au abadili dawa. Propranololi husaidia baadhi, ila si mwenye pumu. Apewe dawa za siku chache kwa mara moja, zitunzwe na ndugu. Mwenye skizofrenia (ugonjwa wa saikosisi wa muda mrefu) ambaye mawazo ya kujiua yanamrudia, fikirieni klozapini, mojawapo ya dawa za saikosisi. Marekani iliidhinisha matumizi hayo mwaka 2002. Bila kupima damu mara kwa mara, msiianze.

Zamu_ya_Usiku: Asanteni. Na timu yenyewe inapangwaje?

Mratibu_K: Mhudumu mmoja anamfuatilia miaka 2 hadi 3, na asipofika kliniki anatafutwa siku hiyohiyo. Kuna tiba ya mazungumzo, mafunzo kwa familia, msaada wa kurudi shule au kazini (wengi huuona wa ziada, mimi nauweka juu kabisa). Mpango wa usalama uandikwe naye: dalili zake za mwanzo, nani ampigie, vitu gani viondolewe nyumbani. Hong Kong walifuatilia wagonjwa miaka 12: waliopata huduma ya mapema, 4.4% walijiua, waliopata ya kawaida, 7.5%. Tofauti ilijengeka hasa miaka 3 ya kwanza. Panapovuja ni kwenye makabidhiano kwa timu nyingine: barua inatumwa, mgonjwa hamjui mtu huko. Wakutane ana kwa ana kabla hamjamwachia. Na akisema amepanga leo, asiachwe peke yake, apelekwe dharura.