Naomba ushauri: saa za kazi zimefutika kwenye programu ya miradi

Habari zenu wakuu. Nimekwama, naomba msaada wa waliowahi kusimamia programu ya miradi iliyo kwenye seva ya kampuni, hifadhidata yake ikiwa SQL Server.

Jumatatu asubuhi msimamizi mmoja wa mradi alifungua laptopu ambayo haikuwa imeunganishwa na mtandao wiki nzima, akabofya "chapisha", yaani kuupeleka mradi kwenye seva ili wote wauone. Kazi zote zikabaki na majina na tarehe zake, ila safu ya saa zilizofanyika ikawa 0 kutoka juu hadi chini. Nahisi nakala ya zamani iliyokuwa kwenye kashe yake (nakala ya muda inayohifadhiwa ndani ya laptopu) ndiyo iliyofunika ile ya seva. Mwenyewe anaapa hakugusa kitu, na namwamini. Programu haikumpa hata onyo.

Nimeshazuia watu kuchapisha mradi huo. Bakapu ya Jumapili usiku nimeirejesha kwenye seva ya majaribio, na saa zote zimo. Tatizo, miradi mingine iliendelea kufanyiwa kazi Jumatatu nzima, kwa hiyo nikiirudisha hifadhidata yote nitawaumiza wengine. Logi za miamala (kumbukumbu za kila badiliko kwenye hifadhidata) ninazo, za kila dakika 15.

Je, nikiuhifadhi mradi huo kama faili kutoka seva ya majaribio kisha nikaupandisha upya, saa zitabaki zimeunganishwa na watumishi wake au zitakatika? Na kashe ya ile laptopu niifute sasa, au niiache kwanza kama ushahidi?